Somo la Kihispania: Mkate Ulikuwa Ukinipendeza

Lugha ya Kihispania ilianza katika nchi ya Hispania, lakini leo ni lugha ya serikali katika nchi 20. Nyingi za nchi hizo ziko Amerika. Moja iko katika bara letu la Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyotawaliwa na Wahispania mpaka mwaka 1968. Mtu ajifunzaye lugha hii hukutana mapema na kitenzi kiwasumbuacho wageni wengi, nacho ni gustar. Leo tutazame jinsi kinavyotumika kueleza mambo ya zamani yaliyokuwa yakiendelea.

Mgeni akitaka kusema, "Nilikuwa nikipenda mkate," huanza kwa yo, maana yake "mimi", kisha husema yo gustaba. Hapo amekwisha kupotea njia, kwa kuwa gustar si "kupenda", bali ni "kupendeza". Asemaye yo gustaba asema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akipendeza, wala si mkate!

Sisi tusemao Kiswahili tuna neno la kutuongoza. Twaweza kusema, "Mkate ulikuwa ukinipendeza." Mhispania naye husema: Me gustaba el pan. El pan ni mkate. Gustaba ni "ulikuwa ukipendeza". Na me ni ile "ni" iliyo ndani ya "ukinipendeza". Mkate ndio utendao, na mtu ndiye atendewaye.

Badala ya me, twaweza kuweka maneno haya:
te – wewe
le – yeye
nos – sisi
os – ninyi
les – wao

Sasa angalieni sana. Kitenzi hufuata kitu kipendezacho, wala hakifuati mtu apendezwaye. Kitu kikiwa kimoja, twasema gustaba. Vikiwa vingi, twasema gustaban. Me gustaban las naranjas: Machungwa yalikuwa yakinipendeza. Mimi ni mmoja, lakini machungwa ni mengi. Nos gustaba el pan: Mkate ulikuwa ukitupendeza. Sisi ni wengi, lakini mkate ni mmoja. Basi hesabuni vitu, msihesabu watu.

Tena hesabuni kwa Kihispania, si kwa Kiswahili. Kwetu maziwa ni "haya", kana kwamba ni mengi. Kwao la leche ni kitu kimoja, hivyo husema me gustaba la leche. Na likiwa jambo la kutenda, kama kusoma au kuimba, kitenzi hubaki gustaba hata mambo yakiwa mawili: Nos gustaba leer y cantar, yaani, kusoma na kuimba kulikuwa kukitupendeza.

Mtu akitajwa kwa jina, hutangulizwa a, na le haliondoki: A Pedro le gustaba el pescado. Nasi pia husema, "Samaki alikuwa akimpendeza Pedro," wala hatuiachi ile "m" ingawa Pedro ametajwa.

Yafaa pia kupambanua nyakati mbili. Gustaba hueleza jambo lililodumu au lililozoewa. Cuando era niño, me gustaba la escuela: Nilipokuwa mtoto, shule ilikuwa ikinipendeza. Lakini jambo likitokea mara moja likaisha, husemwa gustó: Me gustó la fiesta, sherehe ilinipendeza. Neno gustaba peke yake halisemi kama kitu hicho kimeacha kupendeza. Atakaye kusema hivyo huongeza pero ya no me gusta, yaani, lakini sasa hakinipendezi tena.

Mwisho, jihadharini na habari za watu. Me gustabas maana yake "ulikuwa ukinipendeza", na mara nyingi ni maneno ya kijana kwa msichana ampendaye. Kwa bibi yako usiyatumie. Upendo wa jamaa una kitenzi chake, querer. Husemwa: Yo quería a mi abuela, nilikuwa nikimpenda bibi yangu. Hapo yo yafaa, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa nikipenda. Asiyejua tofauti hii aweza kuleta kicheko au aibu mahali alipokusudia heshima.

ZOEZI

1. Fasiri kwa Kiswahili: (a) Te gustaban los libros. (b) A los niños les gustaba jugar. (Libros ni vitabu, niños ni watoto, jugar ni kucheza.)

2. Fasiri kwa Kihispania: (a) Maziwa yalikuwa yakitupendeza. (b) Machungwa yalikuwa yakimpendeza Pedro.

3. Kwa nini husemwa nos gustaba el pan, wala si nos gustaban el pan?

4. Eleza tofauti ya me gustaba la fiesta na me gustó la fiesta.