Mbwa Akipiga Chafya, Mtazame Matundu Yote Mawili ya Pua

Chafya za hapa na pale hazina neno. Vumbi la uani, moshi wa jiko la mkaa, koili ya mbu au marashi makali huwasha ngozi laini ya ndani ya pua, na hewa hutoka kwa kishindo kuusukuma uchafu nje. Wengine hupiga chafya wakicheza tu. Hata mbwa mwitu wana lao: watafiti waliowafuatilia Botswana walieleza mwaka 2017 kwamba kundi likikusanyika baada ya kupumzika, chafya zikizidi ndivyo linavyoelekea kuondoka kwenda kuwinda.

Kwa hiyo usikimbilie dawa. Hamisha malazi yake mbali na jiko, toa koili, nyunyiza maji kabla ya kufagia, kisha umwangalie siku moja au mbili.

Zikiendelea, swali ninaloliona kubwa kuliko yote ni hili: kamasi zinatoka tundu moja au yote mawili? Yote mawili, pamoja na kikohozi au homa, mara nyingi ni maambukizi. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa, mwenye tongotongo na kamasi nzito, mtenge na wenzake na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Tundu moja ni habari nyingine: huenda kuna kitu kimekwama, jino la juu limeoza mpaka kwenye mzizi, au, hasa kwa mbwa mzee, kuna uvimbe. Akiwa ametulia, msogezee kioo kidogo puani. Mvuke huacha mabaka mawili. Moja likikosekana, upande huo umeziba.

Kitu kilichokwama huanza ghafla. Mbwa mzima anatoka majanini, anapiga chafya mfululizo na kusugua pua kwa mguu. Ukiona ncha ya jani nje, ivute taratibu. Usipoiona, usichokoe kwa kibano wala kijiti, na usidondoshee mafuta. Utakisukuma ndani zaidi. Na kama tabia yake imebadilika au mate yanamtiririka, usimguse mdomo kabisa, kwani huenda ni kichaa cha mbwa.

Kuna kishindo kinachotisha bure: mbwa anasimama, ananyoosha shingo, anavuta hewa puani kwa mkoromo kana kwamba anakabwa. Kwa kawaida hupita upesi. Msugue koo polepole, na umrekodi kwa simu, maana akifika kwa daktari hatarudia.

Damu usiisubirishe. Mbwa mwenye kupe akitokwa damu puani anahitaji kupimwa damu, kwa sababu kupe huambukiza ugonjwa unaopunguza chembe za kugandisha damu.

Chafya si za mbwa pekee. Mbuzi au kondoo anayepiga chafya, kutikisa kichwa na kuficha pua chini huenda ana funza walioachwa puani na inzi. Dawa ipo, mtaalamu akupimie kwa uzito wa mnyama. Kuku mmoja akianza, mtenge kabla ya jioni, kwa sababu mafua na mdondo huenea banda zima.

Dawa za binadamu ziache kabatini. Ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa, na kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kumuua paka.