Mjinga, Mzembe na Mwenye Ganzi

Katika karakana moja wanagenzi watatu waweza kuharibu mbao tatu kwa siku moja, na kila mmoja kwa sababu yake. Wa kwanza hajafundishwa kupima. Wa pili ajua kupima, lakini mkono wake haujauzoea msumeno. Wa tatu ajua yote mawili, ila alikuwa akitazama barabarani. Mbao zote zimekwenda upande, na fundi mwenye hasira huwaita wote kwa jina moja: "Wajinga!" Jina hilo lamfaa mmoja tu.

Asili yake neno mjinga halikuwa tusi. Katika Kiswahili cha zamani liliweza kuwa na maana ya mgeni, mtu aliyefika mahali asijue njia wala desturi. Wazee husema, "Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani," yaani ujinga ni hali iwezayo kwisha. Mpumbavu ni mtu mwingine. Yeye huambiwa asisikie. Neno la Wayunani wa kale lilipita njia kama hiyo. Kwao idiotes alikuwa raia wa kawaida, asiye na cheo katika serikali wala ujuzi wa kazi maalumu. Neno hilo lilipoingia katika lugha nyingine za Ulaya likageuka kuwa tusi zito.

Lugha nyingine hutazama mkono. Waingereza humwita clumsy mtu ambaye vitu humponyoka na kuvunjika. Neno hilo limetokana na neno lao la kale lenye maana ya kufa ganzi kwa baridi. Basi mtu huyo hapo mwanzo hakuwa na kosa. Vidole vyake vilikuwa vimeganda tu, na dawa yake ilikuwa moto wala si fimbo.

Mkono uliolaumiwa kuliko wote ni wa kushoto. Kwa Kifaransa neno gauche lina maana ya kushoto, na pia ya mtu asiye na ustadi. Wajerumani humsema asiyeweza kazi za mikono ya kuwa ana mikono miwili ya kushoto. Hata neno la Waingereza la kushoto, left, hapo kale lilikuwa na maana ya dhaifu. Waswahili nao wana mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula, uitwao pia wa kuume. Na ule wa pili wameuita wa kike. Maneno hayo yameleta madhara. Karibu mtu mmoja katika kila kumi hutumia zaidi mkono wa kushoto, na katika nchi nyingi watoto wa namna hiyo walipigwa shuleni ili waandike kwa mkono wa kulia. Mtoto aliyekuwa mwepesi kwa mkono wake alifanywa mzito kwa mkono asiouzoea, kisha akalaumiwa kwa uzito huo.

Liko kosa la tatu, nalo ni la moyo. Neno ajizi limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kutoweza. Muujiza ni wa shina hilo hilo, kwa kuwa ni jambo liwashindalo watu kulifanya. Lakini katika Kiswahili ajizi imekuwa uvivu na kukawia, na mithali yasema, "Ajizi ni nyumba ya njaa." Hivyo asiyeweza na asiyetaka wametiwa katika nyumba moja. Hata hivyo Kiswahili kina maneno ya kuwatenga. Mzembe ni yule aijuaye kazi asiijali. Alipuaye kazi huimaliza upesi ili aondoke. Aiborongaye huvuruga mambo, na pengine hufanya hivyo kwa bidii nyingi na jasho jingi.

Kutenga maneno haya si mchezo wa wasomi, kwa maana kila moja lina dawa yake. Mjinga hufundishwa. Ambaye mkono wake haujazoea hupewa muda. Mzembe hukanywa. Msimamizi amwitaye mzembe mtu ambaye hakufundishwa humkatisha tamaa, na pengine humwachisha kazi ambayo angeiweza baada ya mwezi mmoja. Naye amwitaye mzembe mjinga humpa udhuru wa kujificha nyuma yake.

Wazee wamesema, "Mchagua jembe si mkulima," na mithali hiyo humwonya mfanya kazi asisingizie vyombo. Lakini mwenye shamba naye ana wajibu wake: kabla ya kumpa mtu jina, na atazame kwanza kama jembe lina mpini, na kama yuko aliyemwonyesha namna ya kulishika.