Kuokoa Moyo Uliosimama: Maandalizi Huanza Kabla ya Darasa

Moyo unaposimama ghafla, ubongo huweza kuanza kuharibika baada ya takriban dakika 4. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa umeme hupunguza nafasi ya mgonjwa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Ndiyo sababu wauguzi, matabibu na madaktari husomea ACLS, yaani huduma ya juu ya kuokoa maisha moyo unaposimama, na kupimwa upya kila baada ya miaka 2.

Wengi huingia darasani wakidhani watafundishwa kila kitu hapo hapo. Sivyo. Kozi ya shirika la American Heart Association humtaka mwanafunzi afanye jaribio la kujipima kabla ya siku ya kwanza na apate angalau asilimia 70. Mtihani wa mwisho huhitaji asilimia 84. Anayetaka kufaulu azingatie mambo yafuatayo.

1. Mikono kwanza
Dawa haiwezi kufika moyoni ikiwa damu haizunguki. Mwanafunzi afanye mazoezi ya kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 bila kuzidi 6, na kukiacha kifua kiinuke kabisa kila mara. Mgonjwa ambaye hajawekewa mpira wa kupumulia hukandamizwa mara 30 kwa pumzi 2. Wakandamizaji wabadilishane kila dakika 2, na mapumziko yasizidi sekunde 10.

2. Mchoro wa moyo
Swali kuu ni moja: je, mchoro huu unahitaji umeme au la? Moyo unaotetemeka ovyo, au unaopiga mbio kutoka vyumba vya chini huku mshipa wa shingoni haudundi, hushtuliwa. Mstari ulionyooka haushtuliwi. Wala haushtuliwi mchoro unaoonekana wa kawaida kwa mgonjwa asiye na mdundo wa mshipa. Hapo ndipo wengi hukosea: wanatazama mashine na kumsahau mgonjwa.

3. Dawa chache, kwa wakati wake
Adrenalini hutolewa miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Moyo usiohitaji umeme hupewa mapema iwezekanavyo. Unaoshtuliwa hupewa baada ya mshtuko wa pili. Amiodaroni huanza na miligramu 300 moyo ukikataa baada ya mshtuko wa tatu, kisha 150. Kuandika dozi hizi kwenye kadi ndogo na kuzirudia kila jioni husaidia kuliko kukesha usiku mmoja.

4. Chanzo
Moyo hausimami bila sababu. Kupoteza damu nyingi, kukosa oksijeni, potasiamu kupanda au kushuka, sumu, hewa iliyobana pafu na damu iliyoganda ni baadhi ya vyanzo vinavyotibika. Mama aliyevuja damu baada ya kujifungua hatapona kwa adrenalini pekee, anahitaji damu.

5. Sauti
Katika mtihani wa vitendo mwanafunzi huongoza timu. Amri hupewa mtu mmoja anayetajwa kwa jina. Naye huirudia kwa sauti, kisha husema akimaliza. Mazoezi haya yanaweza kufanywa na wenzake watatu wodini, hata kwa mto badala ya sanamu.

Mwananchi ana nafasi gani?
Ustadi wa hospitalini haufai kitu mgonjwa akifika amechelewa. Ukimkuta mtu mzima ameanguka, haitikii na hapumui kawaida, ita msaada, piga 999 au 112, kisha weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu na kwa kasi. Asiyefunzwa si lazima atoe pumzi. Usiache hadi msaada ufike au mgonjwa aanze kupumua.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo hutimia mikono ya jirani inapoanza kazi na ya mhudumu aliyejiandaa inapoipokea.