Umbo Lilelile, Maana Nyingine: Mabadiliko ya Violesura vya NLTK katika Utafiti wa Korpasi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo linalomkabili mtafiti wa korpasi anapohamisha programu yake kutoka toleo moja la kiunzi hadi jingine. Kwa kiolesura tunamaanisha majina na kanuni ambazo kwazo programu ya mtafiti huomba huduma za kiunzi. Mfano wetu ni NLTK, kiunzi cha uchakataji wa lugha kilichoanzishwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Toleo lake la 3.0, lililotoka mwaka 2014, lilibadilisha violesura kadhaa.

2.0 Aina Mbili za Mabadiliko

Katika aina ya kwanza, jina huondolewa. Toleo la 2 liliongeza idadi ya neno kwa amri inc ya FreqDist, yaani jedwali la marudio. Katika toleo la 3 amri hiyo haipo; programu husimama na kutoa ujumbe wa kosa. Kosa hujitangaza lenyewe.

Katika aina ya pili, jina hubaki na maana hubadilika, jambo ambalo mwanaisimu amelizoea katika historia ya maneno. Awali FreqDist ilitoa maneno kuanzia lenye marudio mengi zaidi. Tangu toleo la 3, mpangilio huo huombwa kwa amri most_common. Programu ya zamani inayopitia jedwali na kuchukua maneno 50 ya mwanzo huendelea kufanya kazi, ila maneno hayo si lazima yawe yenye marudio mengi. Mtunga kamusi akiyategemea, uteuzi wake wa vidahizo utakuwa na kasoro isiyoonekana.

3.0 Njia za Kukabiliana na Tatizo

Kwanza, mtafiti asome maelezo ya mabadiliko kabla ya kuhama. Pili, amri zote zinazoita kiunzi ziwekwe katika sehemu moja ya programu, ili marekebisho yafanyike hapo tu. Tatu, awe na matini fupi aliyoihesabu kwa mkono. Katika “Asha na Juma na Hamisi na Zuhura”, neno “na” limetokea mara 3. Orodha isipoanza na neno hilo, mpangilio umepotea.

4.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba badiliko la kimyakimya ndilo lenye hatari zaidi. Kwa hiyo tunapendekeza tasnifu itaje toleo la kiunzi katika sura ya mbinu za utafiti, kama inavyotaja mwaka wa chapa ya kitabu. Pasipo hilo, mtahini hana njia ya kuzirudia hesabu.