Radi Haichagui Mwenye Dhambi

Mvua zetu hapa Isiolo hunyesha Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Likizo za Aprili na Desemba huangukia papo hapo, na wengi wetu huwa malishoni na mbuzi. Ndiyo maana nimeona niandike juu ya radi.

Wako wasemao kwamba radi humwendea mwenye dhambi, au huvutwa na kioo kisichofunikwa. Mimi nasema siyo. Ndani ya wingu kubwa la mvua, vipande vya barafu hugongana. Chaji hasi hukusanyika chini ya wingu, na ardhi hupata chaji chanya. Hewa ikishindwa kuzitenga, umeme huteremka hatua kwa hatua, na mwingine hupanda kutoka ardhini kuulaki. Zikikutana, njia hiyo hupata joto la nyuzi kama 30,000 za Selisiasi, hewa hupanuka ghafula, nasi tukasikia ngurumo.

Sasa, hupiga nini? Aghalabu ni kitu kirefu kilicho peke yake: mlingoti, mnara, mgunga wa mbugani. Na pasipo mti, mrefu ni nani? Ni wewe mchungaji! Lakini kukimbilia mgunga ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Umeme huruka kutoka shinani hadi kwa mtu, tena husambaa ardhini. Ng'ombe hufa wengi kwa pigo moja kwa sababu hiyo: umeme hupanda kwa miguu ya mbele na kutokea ya nyuma, moyo ukiwa njiani.

Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18. Jamani, watoto wale walikuwa na dhambi gani? Walichokosa ni kinga ya radi, yaani waya mnene utokao paani hadi ardhini.

Basi tufanyeje? Ukiona mmweko, hesabu. Kila sekunde 3 kabla ya ngurumo ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia jengo imara au gari lililofungwa. Ukiwa mbugani, ondoka mtini, achana na wenzako hatua kadhaa, chuchumaa miguu pamoja. Wala usiingie laga, mafuriko yasije yakakuchukua.

Na mwenzako akipigwa, usimwogope. Habaki na umeme mwilini. Mguse, na kama hapumui, mpulizie pumzi na kumkandamiza kifua upesi. Kumwacha kwa kudhani amelaaniwa ndiko kumuua mara ya pili.