SOMO LA FUNDI: KUFUNGA TURUBAI KWENYE FREMU YA KIOO CHA BOTI

Somo letu leo ni la vikundi vyenye boti ya faiba ya kubeba watu, ile yenye kioo cha mbele kilichoshikwa na fremu ya alumini. Kusi ikianza kuvuma abiria hulowa, unga hulowa, na mama anayepelekwa hospitali hufika akitetemeka. Basi kikundi kinaamua kununua turubai: kipande cha juu kama paa, na mapazia ya kando. Hiyo ni kazi nzuri. Taabu iko kwenye kulifunga.

Wengi huchukua kamba wakapiga mafundo kila mahali, wakaridhika kwa kuwa turubai halipepei. Huo ni mtego. Boti ikijaa maji, aliyevaa jaketi la kuokolea huelea mpaka kwenye paa la turubai akabanwa pale pale. Ikipinduka, mapazia ndiyo yanayomzuia kutoka. Na fundo lililolowa, nani atalifungua gizani? Kwa hiyo twataka kifungo kinachoshika upepo lakini kinamwachia mtu.

Kinachofaa ni kifungo cha kubonyeza, kama cha koti la mvua lakini kikubwa zaidi. Kina dume na jike. Dume ni kile kinundu chenye skurubu, hukazwa kwenye fremu. Jike hubanwa kwenye turubai pamoja na kofia yake, kwa nyundo na tindo yake maalumu. Mkienda dukani ulizeni vile vya chuma kisichoshika kutu. Skurubu ya chuma cha kawaida haimalizi msimu mmoja baharini. Ya shaba ya manjano nayo haioani na alumini: maji ya chumvi yakiingia kati yake, alumini huliwa, inatoa unga mweupe na tundu linapanuka. Hata chuma kisichoshika kutu huila alumini kiasi, ndiyo maana kila tundu lipakwe silikoni kabla skurubu haijaingia. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wana nafuu hapo kwa sababu maji yao hayana chumvi, lakini silikoni wasiiache. Inazuia pia maji kupenya ndani ya fremu.

Sasa kutoboa. Hapa fundi asiwe na haraka, maana tundu la alumini halizibiki likarudi kama zamani. Kwanza jueni kioo kimeingia kiasi gani ndani ya fremu. Chunguzeni pembeni, kwenye maungio, au mng'oe kifuniko cha mpira mtazame. Biti ikigusa ukingo wa kioo kilichokazwa kwa moto, kioo chote kinamwagika vipande vidogo vidogo, na pesa za kikundi zimekwenda nacho. Fungeni utepe kwenye biti, milimita chache tu kutoka nchani, ili fundi ajue pa kusimama. Biti iwe nyembamba kuliko skurubu; kwa skurubu ya milimita 4 biti ya milimita 3 na kitu inatosha. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha alumini kilichotupwa. Skurubu iwe fupi. Ikaze kwa mkono, si kwa mashine, kwa maana alumini ni laini, nyuzi za tundu zikikatika dume halishiki tena. Likishakatika, tumieni ribiti ya alumini yenye dume lake, au msogee kando mtoboe upya.

Nafasi kati ya kifungo na kifungo iwe kama sentimita 15. Fremu ya sentimita 186, mkiacha 3 kila pembe, itachukua vifungo 13. Kazeni madume yote kwanza. Majike yafuate moja moja, mkianzia katikati. Pakeni chaki kwenye kichwa cha dume, vuteni turubai mpaka linyooke, bonyezeni: alama inabaki pale jike linapotakiwa. Piga hilo, lifunge, ndipo uvute kwenda la pili, kushoto kisha kulia. Mkipima yote mezani kwa rula, mtashangaa jinsi yanavyokataa kukutana. Turubai la pamba lilowesheni likauke kabla ya kupima, kwani hujikunyata. La plastiki lipimeni jua likiwa limewaka. Pindo likunjwe mara mbili au lishonewe ukanda. Jike lililopigwa kwenye kitambaa kimoja tu litang'oka siku ya upepo wa kwanza.

Kuna aina nyingine ya kifungo inayofunguka upande mmoja tu, na nyingine ya kuzungusha. Ni imara, na kwenye kioo cha mbele hazina neno. Kwenye mapazia ya kando tusiziweke. Pazia lishikwe juu, na chini liwe na vifungo vya kawaida ambavyo mtu akisukuma kwa kiganja vinaachia kimoja baada ya kingine. Mketisheni bibi mmoja wa kikundi ndani, mumwambie afungue kwa mkono mmoja. Akishindwa, punguzeni vifungo. Vikikauka kwa chumvi vipakeni mafuta mazito ya kujipaka.

Neno moja la injini. Mkifunga mbele na kando mkaacha nyuma wazi, boti ikienda mbio moshi wa injini huvutwa kuingia ndani. Sumu iliyomo haionekani wala hainuki, na mtoto aliyelala hatasema kitu. Acheni kipande cha mbele kikiwa wazi ili upepo upite.

Maswali ya kujadiliana:
1. Boti yenu ikijaa maji leo, abiria wa katikati atatokea wapi?
2. Ni nani katika kikundi atakagua vifungo kila mwezi, na vya akiba vinawekwa wapi?
3. Upepo ukizidi, nahodha wenu ana ruhusa ya kuvua turubai lote hata kama abiria wanalalamika?