Mtoto Akitimiza Miaka Katikati ya Likizo ya Sydney

Familia nyingi zinazotoka Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kuja Sydney huja Desemba na Januari, kwetu shule zikiwa zimefungwa na huku kukiwa ni kiangazi. Mwenye mtoto aliyezaliwa miezi hiyo ana hesabu moja ya ziada. Mtoto anatua na miaka mitatu, anaondoka na minne. Au anatua na kumi na tano, anaondoka na kumi na sita. Huku mwaka huo mmoja hubadilisha nauli, kiingilio na hata ruhusa ya kufanya jambo. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, chukua kalenda, tia duara kwenye siku ya kuzaliwa, kisha panga matembezi yako ukilitazama duara hilo.

Kwenye daladala na matatu, umri wa mtoto konda huupima kwa jicho: akipakatwa halipi, akikalia kiti analipa. Sydney wanatazama tarehe. Tena wanatazama umri wa siku unayoingia, si wa siku uliyonunua tiketi, hata kama ulilipa miezi miwili nyuma ukiwa nyumbani. Na palipoandikwa miaka 4 hadi 15, maana yake mtoto anahesabiwa mtoto mpaka mkesha wa siku anayotimiza 16. Wapo wazazi wanaoisoma 15 kama mwisho wenyewe, wakamlipia kijana bei ya mtu mzima mwaka mzima kabla ya wakati wake.

Anza na usafiri, maana ndio utakaoulipia kila siku. Treni, basi, feri na treni nyepesi za mjini zote zinalipiwa kwa kadi ya Opal. Aliye chini ya miaka 4 husafiri bure. Kuanzia 4 hadi 15 hutumia kadi ya Opal ya watoto, na nauli yake ni nusu ya mtu mzima. Akishafika 16 analipa kama baba yake, hata kama bado yuko kidato cha pili, kwa sababu nafuu ya wanafunzi wakubwa haikuwekwa kwa wageni wa matembezi. Wageni wengi hupoteza pesa hapa bila kujua: mashine za vituoni hupokea pia kadi ya benki, lakini kadi ya benki hukatwa nauli ya mtu mzima, awe anayeigusisha ana miaka sita au sitini. Mnunulie kila mtoto kadi yake ya Opal tangu siku ya kwanza. Zinauzwa uwanja wa ndege, vituoni na kwenye maduka ya mitaani. Mkipanda treni kutoka uwanja wa ndege kuna ada ya kituo juu ya nauli, na ya mtoto ni ndogo kuliko yenu. Siku kijana anayotimiza 16, kadi ya mtoto iwekwe kando asubuhi hiyo hiyo. Wakaguzi hupanda, na faini yake inaumiza.

Bustani ya wanyama ya Taronga, iliyo kwenye mlima wa upande wa pili wa bandari tangu 1916, inafuata mpaka huo huo: chini ya 4 bure, 4 hadi 15 bei ya mtoto. Feri ya kwenda huko inaondokea Circular Quay, na safari yenyewe ni ya muda mfupi wenye mandhari ambayo mtu angeyalipia peke yake. Kama mtoto wako anatimiza minne katikati ya likizo, nenda kabla. Kama anatimiza kumi na sita, pia nenda kabla. Lakini kuna njia ya tatu. Taronga imekuwa na desturi ya kumwingiza mtu kwa dola 1 siku yake ya kuzaliwa, akionyesha kitambulisho chenye tarehe. Tazama kwenye tovuti yao kama bado wanaitoa wiki unayokuja, maana nafuu kama hizi huwa na masharti yake. Ikiwa ipo, mpeleke siku yenyewe. Kwa kijana wa miaka 16 anayeanza siku hiyo kulipiwa kama mtu mzima, tofauti ni kubwa, na kumwona twiga shingo yake ikiwa mbele ya jumba la Opera upande wa pili wa maji ni zawadi atakayoikumbuka.

Luna Park ndiyo itakayokuvuruga hesabu. Hiyo ndiyo bustani ya bembea ya Sydney, ipo Milsons Point chini ya daraja kubwa la bandari, na ilifunguliwa 1935, miaka mitatu baada ya daraja, kwenye kiwanja ambacho mafundi walikuwa wakitengenezea vyuma vya daraja lenyewe. Unaingia kwa kupita kinywani mwa uso mkubwa unaocheka. Watoto wanaujua kabla hawajafika. Ila hapa siku ya kuzaliwa haina kazi, kwa sababu tiketi za michezo hupangwa kwa urefu: sentimita 85 hadi 105, kisha 106 hadi 129, kisha 130 na kuendelea. Mtoto wa miaka tisa aliyerefuka analipa sawa na mama yake, na wa kumi na moja aliye mfupi anaweza kulipiwa kidogo lakini akazuiliwa kwenye michezo mikubwa.

Mpimeni nyumbani kabla ya safari. Asimame bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kitabu kilale bapa utosini, kisha mweke alama ya penseli na kuipima kwa futi ya fundi cherehani. Akiwa na 127 au 128, msimwahidi mchezo wowote wa 130. Nimeona watoto pale kwenye ubao wa kupimia wakijinyoosha shingo huku mama akinong'ona, "Inuka kidogo, mwanangu," na mhudumu akisubiri kwa upole visigino virudi chini. Msiwafanyie hivyo. Kile kipimo kinahusu chuma kinachomshika mtoto kwenye kiti, nacho kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Jambo gumu zaidi ni ndugu wawili, mdogo amempita mkubwa urefu, na mkubwa ndiye mwenye sherehe wiki hiyo. Mwambieni mapema, nyumbani, ili lisimfike mbele ya foleni. Au siku yake mpelekeni kwingine, Luna Park mwende siku ambayo si ya mtu.

Kupanda daraja lenyewe mnahitaji vyote viwili, umri na urefu. BridgeClimb, wanaowapandisha watu kwenye tao tangu 1998, hawamchukui aliye chini ya miaka 8 wala aliye chini ya mita 1.2. Kwa hiyo hapa kanuni inageuka: ukiwa na mtoto anayetimiza minane tarehe 28 Desemba, weka kupanda baada ya tarehe hiyo, usijaribu kuomba huruma tarehe 26. Bei ya mtoto inaishia 15, basi kaka yake anayekaribia 16 ndiye wa kuharakishwa. Wenye watoto wawili wa namna hiyo watagawanyika siku mbili tofauti, na sioni ubaya: kila mmoja apande na mzazi mmoja.

Kalenda inayohesabiwa ni ya Sydney. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba mpaka Jumapili ya kwanza ya Aprili, Sydney iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nane. Miezi mingine ni saba. Desemba, mtoto wako anakuwa na miaka minne huku wakati Tanga bado ni saa kumi jioni ya siku iliyotangulia. Bibi anayetaka kuwa wa kwanza kumpongeza apige simu alasiri hiyo. Na ukipitia Dubai au Doha, siku nzima inaweza kumezwa angani, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya mkesha wa siku ya kuzaliwa halafu ukaahidi keki.

Kwenye ndege penyewe mpaka mkali ni miaka 2. Mtoto wa kupakatwa akitimiza miwili kabla ya kurudi, safari ya kurudi lazima awe na kiti chake na nauli ya mtoto. Lisemeni hilo wakati wa kukata tiketi; kiti cha kutafutwa wiki ya mwisho ya Januari, watu wote wakirudi, ni ghali na pengine hakipo.

Tembeeni na nakala ya ukurasa wa pasipoti ya kila mtoto. Mkiulizwa umri, semeni wa kweli. Mtoto aliyezimishiwa mishumaa minne jana anasikia baba akisema "mitatu" dirishani leo, na anajua kuhesabu.

Mjomba akija kuwapokea na gari, mwelezeni tarehe pia. Sheria inataka aliye chini ya miaka 4 akae nyuma kwenye kiti cha mtoto chenye mikanda yake. Kuanzia 4 hadi anapotimiza 7 anaweza kutumia kiti cha kumnyanyua. Wenyeji huazima viti hivi kwa majirani, basi wapeni muda wa kutafuta.

Na mkiunganisha safari hadi Gold Coast, kule Queensland kwenye bustani kubwa kama Movie World na Sea World, hesabu nzima inaanza upya: bei ya mtoto ni miaka 3 hadi 13, na wa 14 ni mtu mzima. Mwenye mtoto anayetimiza 3 au 14 aanzie huko, kisha ashuke Sydney.